Salamu za Kivuli Namba Sabini

Saa mbili na nusu asubuhi Ambokile Mwaijande alivaa glavu zake, akangoja zipate joto, kisha akaingia chumba cha giza kumhudumia mgonjwa ambaye hakuruhusiwa kumjua.

Mgonjwa mwenyewe hakuwemo. Alikuwa amelala wodini, ng'ambo ya bustani ya Hospitali ya Itundamo, na pengine alikuwa ananung'unika kuhusu uji. Kilichokuwemo ni kivuli chake: umbo la mwanga, refu na nene sawasawa na mtu, limelala hewani usawa wa kiuno, kifua kikipanda na kushuka kila mwenyewe alipovuta pumzi kule aliko. Uso haukuwapo. Shingo iliishia kidevuni, na baada ya hapo ni ukungu tu. Miguuni ilining'inia namba, sabini.

Kwa siku ishirini Ambokile alikuwa amezamisha mikono yake ndani ya titi la kulia la kivuli kile. Siku ya kwanza kabisa wauguzi walitia kwenye damu ya mgonjwa chembe zisizoonekana, na chembe hizo zilituma habari kutoka kila pembe ya mwili. Glavu zilizigeuza habari kuwa joto na baridi. Palipokuwa na saratani hai palichoma, palipokufa palipoa. Siku ile ya kwanza titi liliwaka lote, moto ukawa umeenea hadi kwenye tezi za kwapani na kuigusa ngozi kwa ndani, na Ambokile, aliyefanya kazi hii miaka sita, alilazimika kutoa mikono mara tatu.

Kazi yenyewe iliitwa ufumaji. Bibi yake Ambokile alitibiwa kwa mtindo wa zamani: dawa za dripu miezi kadhaa, wakangoja apate nguvu, kisu, wakangoja kidonda kipone, mionzi, wakangoja tena. Saratani yake ilitumia kila kipindi cha kungoja kujipanga upya. Hapa Itundamo nyuzi zote tatu zilifumwa pamoja ndani ya siku arobaini. Dawa ziliongezwa au kupunguzwa kila asubuhi kwa kadiri mikono ya mfumaji ilivyosema. Kisu kilisubiri siku ile uvimbe ulipokuwa umechoka kuliko siku zote, na mionzi ilipita kidonda kingali wazi, kwenye kingo zile tu ambazo mfumaji alizitaja. Ilikuwa kazi nzuri, na Ambokile aliipenda kwa moyo wake wote. Ila ilikuwa na masharti. Chembe ziliishi siku arobaini, na mwili ulizikubali mara moja tu katika uhai wa mtu. Tena zilizoea mikono ya mtu mmoja. Ukizipeleka kwa mfumaji mwingine, zilihitaji siku kumi na moja kumzoea, na siku hizo kumi na moja kivuli kilikaa kimya.

Mlango ulifunguka. Akaingia Daktari Bupe, mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, ambaye hakupoteza muda kwa jambo lolote isipokuwa chai.

"Mikono inasemaje?"

"Kwapani kumebaki uvuguvugu. Kwenye titi kimebaki kitu kama punje ya harage, na chenyewe kinapepesuka."

"Kinapepesuka vipi?"

"Kinawaka, kinazima. Dawa zimekichosha."

Daktari Bupe akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Siku ishirini na moja tu. Wewe kijana una mikono. Basi nitakata keshokutwa asubuhi. Fungua ngozi tuweke alama."

Kwa kawaida kivuli kilionyesha damu na joto peke yake. Ngozi ilifunguliwa mara moja tu, kwa ajili ya kuchora mstari wa kisu. Ambokile aligusa ukuta, na ngozi ikatandazwa juu ya mwanga, ya mwanamke mtu mzima, nyeusi, iliyolegea mikononi. Ndipo alipouona mkono wa kulia. Kutoka kiwiko hadi kifundo zilipita alama tatu za kuungua, zimenyooka, zinafuatana.

Akatoa mikono kana kwamba titi limewaka upya.

"Nini?" aliuliza daktari.

Alama kama hizo Ambokile alizijua. Zilikuwa kwenye muundi wa mke wake, Tulizo. Tulizo akiwa na miaka miwili alitumbukiza mguu kwenye jiko la chuma, ukanasa, na mama yake akaingiza mkono wake katikati ya mguu na nondo za moto, akaushikilia hapo mpaka mguu ukatoka. Nondo tatu zikawachora wote wawili.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema Ambokile.

Daktari Bupe alivua miwani. Naye alikuwa mtu wa nyanda zile, hakuhitaji maelezo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapishani njia nyembamba, hawali chombo kimoja. Mama Elimina alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko wengi. Kwa miaka tisa ya ndoa ya binti yake, Ambokile aliujua mgongo wake na ncha ya kitenge chake tu. Mwaka fulani mama huyo alizunguka mlima mzima chini ya mvua ili asikatize ua wa mkwe wake, akafika kwake amelowa chapachapa na ameridhika.

"Sheria inasema mfumaji akimtambua mgonjwa, avue glavu," alisema daktari polepole. "Nikimkabidhi mwenzako Tweve leo, hatahisi chochote mpaka siku ya thelathini na mbili. Hilo harage halitatungoja."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, hakuna atakayejua isipokuwa sisi wawili." Akairudisha miwani. "Mimi ni mpasuaji, Ambokile. Nataka aondoke hapa akitembea. Kwa hiyo usiniulize mimi. Jibu langu unalijua, na nadhani si mimi mwenye haki ya kulitoa."

*

Tulizo alikuwa anachambua mboga kibarazani. Alipomwona mumewe anarudi saa sita mchana, alijua.

"Mama yuko wapi?" aliuliza Ambokile.

"Si nilikwambia. Makambako kwa mama mdogo, wanavuna viazi."

"Viazi gani vinavunwa siku ishirini na moja?"

Tulizo aliweka ungo chini. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta na kusema yote. Mama yake ndiye aliyemwapisha asimwambie. Siku ya kuandikishwa Mama Elimina alimshika muuguzi mkono akamwuliza, huyo atakayekishika kivuli changu si mtu wa kwetu? Muuguzi akajibu, hatujui, mama, na yeye hatakujua. Kwa neno hilo moja akakubali kutia kidole gumba. Kabla ya hapo alikuwa ameshafunga mzigo arudi nyumbani.

"Kuna wafumaji wanne pale," alisema Tulizo. "Nilisema moyoni, kwa nini iwe wewe? Nikaomba Mungu isiwe wewe."

"Ni mimi."

"Basi nyamaza. Nakuomba, Baba Neema. Unamjua mama yangu. Ukimwambia atang'oa hizo sindano na kupanda gari. Akipona bila kujua, si amepona tu?"

Ambokile alikaa kwenye kizingiti. Alimpenda mwanamke yule ambaye hakuwahi kumtazama. Alimpenda kwa ajili ya mguu wa Tulizo, unaotembea mpaka leo. Na hilo ndilo lililomtesa: alikuwa na uwezo wa kumponya kwa kumdanganya, na kila mtu aliyempenda mama yule alikuwa anamwomba adanganye.

"Alikubali kwa sababu aliambiwa simjui," alisema mwishowe. "Leo namjua. Nikiingiza mkono kesho, naingia mahali ambapo sijaruhusiwa."

"Na akifa kwa ajili ya ruhusa?"

Tulizo akauokota ungo wake, na wakachambua mboga pamoja mpaka zikaisha.

*

Watu wa kule wana njia yao. Mkwe akiwa na neno zito la kumwambia mama mkwe, halisemi kwake. Hukiambia kitu kilicho kati yao, ukuta, chungu, hata kuku akiwepo, na mama naye hukijibu kitu. Siku ya harusi yake Ambokile alitakiwa heri kupitia jiwe la kusagia.

Saa kumi alasiri alisimama nje ya chumba cha mgonjwa namba sabini, wodini. Mlangoni palikuwa na pazia la kijani. Akaligeuzia mgongo, kama inavyopasa.

"Pazia," alisema, "nisaidie kumsalimu Mama. Mwambie shikamoo."

Ndani kijiko kiligonga kikombe, kisha kikanyamaza.

"Chupa ya chai," ilisema sauti ya Mama Elimina, kavu, yenye mikwaruzo ya dawa, "mwambie marahaba. Tena umwulize nani kamwambia niko hapa. Mimi niko Makambako navuna viazi."

"Pazia, mwambie hakuna aliyeniambia. Nimeuona mkono wake wa kulia. Zile alama tatu."

"Chupa, mwulize kauonea wapi."

"Pazia, mwambie mimi ndiye mfumaji wake. Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sijui, nimejua leo asubuhi. Sikutaka kuweka mkono tena pale bila yeye kujua kwamba najua." Akashusha sauti. "Mwambie akitaka niondoke, naondoka leo hii. Tweve ni fundi, atamsaidia. Lakini asifichwe kitu: siku kumi na moja zitapotea, na daktari haamini kwamba ugonjwa utangoja."

Muuguzi alipita na sinia la dawa, akamkuta mwanamume mzima anazungumza na pazia, na kwa kuwa naye alikuwa mtu wa nyanda zile, alipita haraka akitazama ukuta.

"Chupa," alisema Mama Elimina, "nimezaa watoto watano. Nimezika wawili. Sijawahi kumvulia nguo mwanamume yeyote isipokuwa marehemu, na yeye taa ikiwa imezimwa. Leo naambiwa mkwe wangu kaingiza mikono yote miwili."

Ambokile alifumba macho. Alitamani sakafu immeze.

"Mwulize," iliendelea sauti, sasa chini zaidi, "ni kweli palikuwa panawaka? Mimi nilikuwa nasema, wananiambia ni maumivu ya kawaida."

"Palikuwa panawaka, Mama." Alisahau pazia. "Siku ya kwanza nilitoa mikono mara tatu."

"Mimi sikuwa na pa kuutoa mwili," alisema Mama Elimina. Na yeye hakuiambia chupa.

Wote wawili waligundua walichofanya. Kijiko kilizungushwa kikombeni bila sababu.

"Chupa, mwambie aende nyumbani akale. Nitajibu kesho kabla kazi haijaanza. Na huyo binti yangu mwongo aje alale na mimi."

*

Asubuhi Tulizo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha giza, macho yamevimba, blanketi la wodini bado begani. Daktari Bupe alikuwa karibu naye, faili mkononi. Ambokile alizibeba glavu kwenye kiganja, hakuzivaa.

"Mama anasema hivi," alianza Tulizo, na ilionekana amekaririshwa. "Anasema siku ishirini na moja umeingia kwake kila asubuhi bila hodi wala salamu. Hilo limemuudhi sana. Mikono, anasema, mikono ni kazi, hata mkunga ana mikono. Lakini kuingia kwa mtu kimya kimya kama mwizi wa kuku, hapana. Hakukukataza kwa sababu hakujua. Wewe hukusalimu kwa sababu hukujua. Sasa mmejuana. Uendelee. Ila kuanzia leo usimguse kabla hujamwamkia, na unapomwamkia utazame chini."

"Kivuli hakisikii," alisema Ambokile.

"Nimemwambia. Akasema anajua kusoma saa. Saa mbili na nusu atakuwa anaitikia."

Daktari Bupe aliandika kwenye faili, akisoma kwa sauti huku akiandika: mgonjwa anamjua mfumaji, ameelezwa hatari zote mbili, ameamua mwenyewe. Akalifunga. "Miaka kumi nimetafuta namna ya kuiandika upya ile sheria," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Haya, ingia. Saa inakaribia."

Ambokile alivaa glavu. Mlangoni alibisha, jambo ambalo hakuna mfumaji aliyewahi kulifanya katika chumba kisicho na mtu. Akaingia, akasimama hatua mbili kutoka kwenye kivuli, akatazama viatu vyake.

"Shikamoo, Mama."

Hakikutokea kitu. Halafu mwanga ambao kivuli kiliumwaga sakafuni ukasogea. Ulipanda juu ya viatu vyake taratibu, ukatulia, na hakuinua macho, lakini alijua ng'ambo ya bustani mkono wenye alama tatu ulikuwa umenyanyuliwa juu ya shuka. Ukashuka. Ndipo alipoweka mikono yake mahali pake, akalitafuta lile harage.

*

Upasuaji ulichukua saa nne, na Ambokile hakuwahi kuona mwingine uliofikia ule. Daktari Bupe alikuwa kwenye chumba chake na mwili wenyewe, Ambokile kwenye chumba chake na kivuli, na katikati yao palikuwa na waya wa sauti tu. Ambokile alimwambia: hapo pamepoa, simama, hapo nyuma ya mbavu kuna uzi wa joto, mwembamba, unaelekea kwapani, ufuate. Daktari aliufuata. Hakuwa na haraka na hakurudia mkato hata mmoja. Titi lilipoondoka pamoja na tezi, Ambokile alipitisha vidole kwenye kingo za kidonda, polepole, mara saba, akataja sehemu mbili zilizobaki na uvuguvugu, na mionzi ikashushwa hapo na hapo, kama mtu anayezima makaa mawili kwa ncha ya fimbo. Mashine zilikuwa hodari. Lakini aliyemshangaza zaidi alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minne ambaye moyo wake, kwa saa zote nne, ulipiga kwa utulivu chini ya kiganja chake.

Kesho yake saa mbili na nusu alibisha hodi, akaamkia. Mwanga sakafuni haukusogea. Alingoja, na mwishowe ukatikisika kidogo sana, kadiri ya kidole kimoja. Ambokile alikuwa amesahau. Mkono wa kulia ulikuwa upande wa kidonda. Misuli ya kwapani imekatwa na kushonwa, na wagonjwa wengine hawaunyanyui tena mkono huo maisha yao yote, maana unauma na hakuna wa kuwalazimisha.

Tulizo alimwambia kwamba muuguzi wa mazoezi alifukuzwa na Mama Elimina siku ya kwanza. "Amesema hana muda wa kuchezeshwa mikono kama mtoto. Ana salamu ya kuitikia."

Siku ya ishirini na saba uliinuka mkono mpaka kifundo. Siku ya thelathini, kiwiko. Dawa ziliendelea kushuka kwenye dripu, nywele zilimwisha, kuna asubuhi ambazo kivuli kizima kilitetemeka kwa kichefuchefu na Ambokile akaagiza dozi ipunguzwe kwa robo. Lakini salamu haikukosekana. Na siku moja, akiwa anavua glavu, alimsikia Tweve katika chumba cha jirani akikohoa, kisha akisema kwa aibu, kwa kivuli chake kisicho na jina, "Hodi. Habari za asubuhi."

Siku ya arobaini kivuli kilikuwa chembamba kama mvuke. Chembe zilikuwa zinakufa. Ambokile alipitia kwanza hesabu zote: dawa ya mwisho imeingia jana, mionzi imekamilika, kidonda kimefunga. Kisha akasimama mahali pake, hatua mbili, akatazama chini.

"Shikamoo, Mama."

Mwanga ulisogea. Ulifika kwenye viatu, mahali ambapo siku zote ulikoma. Ukavipita. Ulipanda magotini, kifuani, ukamulika uso wake ulioinama, ukaenda mpaka kwenye mlango nyuma yake, na akajua kwamba kule wodini mkono ulikuwa umenyooka juu kabisa, umepita sikio, ukiwa na maumivu yote unayotakiwa kuwa nayo, na haushuki.

Akaingiza mikono kwa mara ya mwisho. Palikuwa pa baridi. Alitafuta kwapani, nyuma ya mbavu, chini ya mshono, na kila mahali palikuwa pa baridi. Kivuli kikaanza kuzimika kutoka miguuni, namba ikapotea, kifua kikapotea, ukabaki mkono peke yake hewani, ule wenye alama tatu, halafu chumba kikawa giza.

Ambokile hakuinua uso. Alikaa hivyo hivyo, akitazama sakafu asiyoiona, mpaka alipokadiria kwamba mama mkwe wake ameshaushusha mkono, ndipo akatoka.